Jiwe la Kilo Ishirini

Mbaruku wa chuma chakavu, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
alilitundika jiwe la mizani la baba kwenye ndoano.
Kamani ikalia ngwee,
mshale ukahangaika, ukatulia:
kumi na nane, nukta moja.

"Limeandikwa ishirini," nikasema,
nikipapasa tarakimu zilizosubiwa mgongoni mwake.
"Kutu, dada. Kutu hula kimyakimya."

Mwanamvua, mwanangu, yuko kidato cha pili
na haamini kitu mpaka akikokotoe.
Akaomba ndoo. Lita ishirini, maji pomoni,
na ndoo yenyewe kilo moja.
Ikatundikwa, ikamwagikia viatu vya Mbaruku:
kumi na tisa.
Akaandika kwa kidole juu ya vumbi la betri mbovu,
akafuta, akaandika tena, akacheka.
"Mama, hatuko Tanga. Mizani hii iko Zuhura."

Akanieleza palepale, katikati ya redieta na mabati.
Chuma ni kilekile, tungamo lake haliendi popote.
Kinachobadilika ni madai ya ardhi iliyo chini yake.
Mwezini ningelining'iniza kidoleni, kilo tatu na ushei.
Mirihi, saba na nusu, mzigo wa mtoto wa darasa la kwanza.
Mshtarii, karibu hamsini,
na kamani ya huyu bwana ingenyooka kama uzi.
Zuhura huiba kwa haya,
sehemu moja tu katika kumi.

Mbaruku alicheka mpaka akakohoa.
"Basi karibuni Zuhura," akasema.
"Bei ya huku ndiyo hiyo."

Baba alipima robota za mkonge kule Pongwe
kwa mizani ya mikono miwili:
huku katani, huku mawe,
na yeye katikati, jicho kwenye ulimi wa chuma,
akinyanyua jiwe hili tangu alfajiri
mpaka kiganja kikaota gamba la umbo la mpini.
Mwanamvua anasema mizani ile isingepotoka hata Mshtarii,
kwa kuwa kinachovuta katani huvuta na jiwe.
Laiti ningemwambia baba.
Angeuliza huko Mshtarii nani anakata mkonge,
na analipwa kwa wakati?

Siku tuliyomzika, wabebaji walinong'ona,
"Mwepesi, mashaallah,"
wakimsifu, kama wasifiwavyo watu wema.
Nikaitikia. Ningefanya nini?
Lakini kadi ya Bombo ninayo mpaka leo:
sabini na mbili, mwezi wa Machi.
Hamsini na tano.
Arobaini na moja.
Mizani ya Bombo haikuwa Zuhura.
Nimesimama mbele ya kamani ya Mbaruku, pesa yake mkononi mwake,
na neno la mwanangu likanikwama kama mwiba wa changu:
tungamo haliendi popote.
Nikataka kumuuliza, basi zile thelathini na moja
za babu yako, zilikwenda wapi?
Alikuwa anajifuta vumbi kwenye sketi ya shule.
Sikumuuliza.

"Nitundulie jiwe langu," nikamwambia Mbaruku.
"Na ada ya mtoto?"
"Nitundulie."

Nikalibeba mkono wa kulia mpaka Barabara ya Kumi na Mbili,
wa kushoto mpaka ya Kumi,
bega likishuka, kanga ikilowa jasho.
Hapa, juu ya mchanga huu,
lilinivuta kilo ishirini kamili, bila kupunguza hata gramu,
kutu na yote.
Kwenye kona ya muuza mihogo Mwanamvua akasimama.
Akavua mtandio, akaupitisha kwenye mpini,
akanipa ncha moja.
"Kumi zako," akasema, "kumi zangu."
Tukaenda hivyo, tukipishana hatua,
jiwe likibembea katikati yetu,
likitugonga miguu, mara yeye, mara mimi.